Nilivyojitengenezea mashine ya majani, nusura mlinzi afukuzwe kazi

Wakuu, heshima kwenu. Niko Likasi, Kongo, Kiswahili chetu mtakivumilia. Haya yamenitokea mwenyewe, na sehemu ya aibu sitairuka.

Kazi yangu ni kutunza uwanja wa mpira wa shule moja ya parokia, hapa Shituru. Mashine ya kukata majani ni ile ya kukalia, kuukuu, na visu vyake vinanyanyuliwa kwa msukumo wa mafuta ya haidroliki. Kuna silinda tunaita vérin, na ndani yake kuna joint, yaani kipete cha mpira kinachozuia mafuta yasitoke.

Joint ikachoka. Visu vikagoma kunyanyuka.

Nikaipeleka kwa vieux Kapend, mzee fundi wa mitambo mizito. Akaigeuzageuza, akasema:

"Weye, hii joint iko ya mafuta. Usitie mupira ya kinga mule. Ngoja mbele wiki moya, nitakupatia ya muzuri."

Kinga kwetu ni baiskeli. Mzee alinijua kabla sijajijua.

Maana Jumapili tulikuwa na mechi, na majani yalikuwa yamefika vifundoni. Tena joint yenyewe haifiki bei ya kuku mmoja, wakuu. Sikushindwa kununua, nilishindwa kungoja.

Nikachukua mpira wa ndani wa baiskeli na mkasi, nikakata kipete safi kabisa. Visu vikanyanyuka! Nikajiona injinia.

Jumamosi nikakata uwanja wote. Jumapili tukashinda mbili moja, watu wakasifu majani, nami nikatembea kifua mbele.

Jumatano asubuhi nikamkuta mama préfète, ndiye mkuu wa shule, amesimama uwanjani. Mbele yake papa Ilunga, mlinzi, kofia mkononi. Kati yao mstari wa majani yaliyokufa, upana wa kiganja, mrefu kupita uwanja.

Hapa Shituru kuna kiwanda cha asidi, basi jani likiungua, kitu cha kwanza kufikiriwa ni hiyo. Ikasemwa washabiki wa wale tuliowafunga wameingia usiku kuimwaga. Mama préfète akamfokea papa Ilunga:

"Bantu baliingia balimwanga acide, na weye ulikuwa unalala?"

"Mama, minye sikuona muntu."

"Basi leta funguo. Na ya nyumba pia."

Papa Ilunga anaishi pale getini na mkewe na wajukuu watatu. Akaanza kupapasa mfukoni.

Mimi nikaufuata ule mstari kwa macho. Ulinyooka hadi golini, ukageuka taratibu, ukarudi. Sasa mwizi wa usiku ana muda gani wa kugeuka kwa adabu namna ile? Ile kona naijua. Ni yangu, naikata hivyo kila Jumamosi.

Mpira wa baiskeli ulikuwa umelainika kwenye mafuta ya moto, ukaachia nikiwa namalizia. Kila nilikopita baada ya hapo, mashine ilidondosha.

Nimeahidi ukweli, basi huu hapa: wazo la kwanza lilikuwa ninyamaze, kesi imeshapata mwenyewe. Nilikaa na wazo hilo mpaka papa Ilunga alipozitoa funguo.

"Mama, haiko acide," nikasema. "Njo minye. Nilitengeneza mashine mubaya, ikamwanga mafuta."

Mama préfète akanitazama, nikatamani anitukane. Akamrudishia papa Ilunga funguo zake, kisha akaninyooshea mkono mimi. Akataka za stoo ninamotunza mashine.

"Utazipata siku majani itarudia."

Nikasema moyoni, majani yatarudi hata kama nitayavuta kwa meno.

Wiki nzima nikachimba udongo uliolowa mafuta. Nikabeba mwingine kwa gunia begani, nikapanda majani shina kwa shina, kwa magoti. Vieux Kapend akaleta joint ya kweli, akaifunga kwa muda mfupi kuliko niliotumia na ule mkasi. Hakunicheka. Afadhali angecheka.

Siku moja nikasikia maji nyuma yangu. Papa Ilunga, na ndoo, anamwagilia nilikopanda. Hapo nililia, wakuu, na sioni haya.

Mvua zikatusaidia. Funguo nimerudishiwa. Ila ule udongo mpya ulikuwa na rutuba mno, mstari sasa ni wa kijani kuliko uwanja wote!

"Sasa hata mugeni atajua fasi ulipitia," ananitania papa Ilunga, akinionyesha mahali penyewe.

Sisemi msijitengenezee. Mimi bado najitengenezea, na sitaacha. Ila penye mafuta weka joint ya mafuta, na ukiharibu, sema kabla mwingine hajalipa. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua.

Nanyi mwageni yenu hapa chini, hata wa kunicheka karibuni. Nitasoma jioni, sasa naenda kukata majani. Papa Ilunga ananingoja: siku hizi haniruhusu kuwasha mpaka ainame achungulie chini ya mashine. Simlaumu.