Benchi la Nyuma

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu hapa Ukunda, mtoto mmoja wa kike alisimamishwa mbele aongoze maombi. Aliomba vizuri, rafiki yangu, huwezi kumtia ila. Aliombea mvua, akaombea wagonjwa, kisha akamwomba Mungu amsaidie mama yake aache kulia kila mara baba anapochelewa kurudi. Kanisa zima likaitikia amina, na shingo zote zikageuka kumtafuta mama. Yangu nayo iligeuka, na mimi ni mzee wa kanisa. Nilimwona yule mama akiinamisha kichwa benchi la nyuma, nami nikaona haya hadi masikio yakawaka moto. Maana mtoto wa namna ile namjua. Niliwahi kuwa yeye.

Nililelewa na bibi yangu huko Kikoneni, katika nyumba ya udongo iliyozungukwa na mikorosho. Asubuhi zetu zilianza kwa ufagio wake uani, kisha mimi nikakaa juu ya mbuzi kukuna nazi, kwa kuwa bibi hakujua mboga isiyotiwa tui. Msimu wa korosho ukifika tulizichoma juu ya bati bovu, moshi ukitutoa machozi, na vidole vyake vikabaki vyeusi hata Jumapili. Aliniita mume wangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu. Nikichelewa kurudi kisimani, alinipokea mlangoni: "Mume gani huyu, anayemwacha mkewe afe kiu?"

Jumamosi alioka mkate wa Meza ya Bwana ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na ukoko wake ulikuwa haki yangu. Baada ya ibada ni yeye aliyeosha vile vikombe vidogo vya glasi, kimoja kimoja, akavipanga juu ya kitambaa cheupe. Hakuwa mwimbaji, wala hakujua kuomba kwa maneno marefu. Mimi nilijua! Nilikuwa bado sijabalehe, lakini nilikuwa nimeshika maneno yote ya mchungaji, hata namna yake ya kufumba macho na kutikisa kichwa. Wakubwa walisema mtoto huyu amekomaa kiroho. Mcheza kwao hutuzwa, nami nilituzwa biskuti. Nilizipenda biskuti na sifa sawasawa.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi nikashikwa na homa. Bibi alinibeba hadi zahanati, nikapewa dawa, nikameza, homa isitoke. Jirani yetu alikuwa mwalimu wa chuoni, mzee aliyefundisha watoto Kurani barazani kwake. Yeye na bibi hawakupitisha siku bila kujuliana hali. Mwalimu ndiye aliyeandika kombe: aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa maji na marashi, bibi akaniletea ninywe. Hadi leo nikisikia harufu ya marashi naukumbuka mkono ule mweusi wa korosho ukiniinua shingo.

"Kunywa, mume wangu," alisema. "Jirani amekuombea kwa njia yake."

Haukupita muda nikawa nacheza mpira. Kama ni dawa au ni kombe, Mungu ndiye ajuaye.

Wiki ileile kulikuwa na ibada ya nyumbani, na mchungaji akaniita niombe. Nilikwisha kumaliza maneno yangu ya kawaida nikaona amina zinapoa, nikatafuta jambo zito la kuzipasha. Nikasema, "Bwana, umrehemu bibi yangu, maana amekwenda kwa jirani kuchukua kombe." Amina zikavuma mpaka nikasisimka. Sikusema aliyelinywa ni nani. Nilijua wazi kwamba nikisema yataniangukia na mimi, basi nikazidi kufumba macho.

Bibi aliitwa na wazee. Akawekwa benchi la nyuma na kuzuiwa kushiriki Meza ya Bwana hadi atakapotubu mbele ya watu. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, akatangaza kwamba huyu sasa si wa kunyonya tena. Jumamosi ile bibi alioka mkate kama kawaida. Jumapili alikaa nyuma, mikono mapajani, sinia ikampita. Baada ya ibada akavikusanya vikombe ambavyo kila mtu alikuwa amenywea isipokuwa yeye, akaviosha. Akafanya hivyo miezi mingi, na mimi nikila ukoko wangu bila kunikwama kooni.

Mwalimu alinisimamisha njiani siku moja. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia kombe langu limemtia bibi yako taabuni. Mwambie aniwie radhi. Mimi nilitaka upone tu."

Sikuzifikisha salamu zile, na ni aibu juu ya aibu.

Hatimaye siku moja nikimsaidia bibi kufuta vikombe, nilimuuliza kwa nini hawaambii wazee kwamba mgonjwa nilikuwa mimi. Hakuacha kuosha.

"Wakijua watakuondoa mbele, nawe wapenda kuomba," alisema. "Lakini nisikilize, mume wangu. Siri ya mwenzio ukimpelekea Mungu, funga mlango. Ya kwako, ifungue."

Alipotubu alisimama akasema, "Nimekosa. Mniombee." Basi. Nilikuwa nimeketi benchi la mbele, na nilinyamaza kimya.

Lile kanisa la udongo halipo, pamejengwa la matofali lenye spika kubwa. Mikorosho mingi imekatwa. Vikombe sasa ni vya plastiki, vikishanywewa hutupwa, hakuna anayeviosha. Mwalimu ametangulia mbele ya haki, na bibi naye. Nikienda Kikoneni kuwaamkia wazee waliobaki, huniambia bibi yako alikuwa mtu mwema, alianguka mara moja tu. Na wewe, ah, ulikuwa mtoto wa ajabu! Nami hucheka, nikanywa chai yao.

Nusu ya kwanza ya maneno ya bibi niliishika. Tangu hapo sijaitoa siri ya mtu katika maombi, na watu wameniita mkomavu kwa hilo. Nusu ya pili nimeikalia hadi mvi zimenitoka.

Jumapili hii zamu ya kuomba ni yangu. Sitamtaja yule mama. Nitamwomba asogee kidogo, nikae naye benchi la nyuma, na zamu yangu ikifika nitasimama palepale niseme kwamba lile kombe nililinywa mimi.