Mjukuu Wangu Ndani ya Gunia

Nikifumba macho naona mto umekauka, mchanga unang'aa kama maziwa yaliyomwagika. Ni upande wa Mwala, wakati wa kiangazi. Wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana, wanapitishiana mawe ya kujenga ukuta wa kuzuia maji, na vumbi limewafika kiunoni, unadhani wanaelea.

Mjukuu wangu alikuwa hajaanza shule. Nilimlea mimi, susu yake, kwa sababu mama yake alikuwa kazini viwandani. Nilimnunulia rinda la waridi lenye kola nyeupe, na sioni haya kusema halikuwa na mfano pale kwetu. Siku ya mwethya ikiisha kuna chakula na nyimbo, na mtu haendi kuimba na vumbi. Kwa hivyo asubuhi tulivua nguo nzuri, tukazitundika kwenye mgunga, tukavaa matambara. Mtoto hakuwa na tambara. Mimi sivalishi mtoto matambara. Nikachukua gunia la mahindi, nikatoboa mahali pa kichwa na mikono, nikamvika. Alicheka mpaka akakaa chini. Juu yake nguo zetu zilipepea polepole, rinda lake dogo katikati, kama zinaota.

Vijana wa kujitolea walikuwa wametoka Nairobi kutusaidia mawe. Mmoja hakubeba hata jiwe. Yeye alijitolea kupiga picha. Tulimwacha azunguke na kamera yake.

Mvua ikaja, mchanga ukashika maji, naye akarudi na picha kubwa ndani ya fremu, zawadi kwa kikundi. Akaitundika kwenye ukuta wa stoo yetu, sisi tumeketi tunatazama. Ni mjukuu wangu ndani ya gunia, bega nje, kamasi puani, macho yameinuliwa juu. Alikuwa anatazama rinda lake. Lakini mti haukuonekana. Chini kulikuwa na maandishi, nikamwambia karani wetu anisomee.

Akasita. "Imeandikwa, mtoto asiye na nguo."

"Kumbe mna shida hivyo?" akasema shemeji yangu. "Si ungesema, tungekuchangia."

Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mlangoni nilisikia watoto wakinong'ona, "Gunia, Gunia." Mwaka mpya angeingia darasani na watoto hao hao. Jina likimshika mtoto, hata akizeeka linamfuata.

"Toa," nikamwambia kijana.

"Lakini shosho, hii imependwa sana Nairobi."

"Mimi si shosho yako. Toa."

"Niliipiga mimi, ni picha yangu."

"Kamera ni yako. Hilo bega ni la kwetu. Ulimwuliza nani?"

Akatazama viatu vyake. "Mlikuwa na kazi. Sikutaka kuwasumbua."

"Ungetusumbua."

Aliitoa. Halafu akasema polepole kwamba nakala nyingine za picha hiyo ziliingia kwenye kalenda, na kalenda zilishaenda mbali, hawezi kuzirudisha. Hapo ndipo niliumia. Nikamwona mjukuu wangu ametundikwa jikoni mwa nyumba nisizozijua, watu wanakunywa chai chini yake, wanamhurumia, naye anatazama juu, juu, na hakuna anayejua anatazama nini.

"Basi piga ile ya kweli," nikasema.

Nilimwogesha, nikampaka mafuta mpaka akang'aa, nikamvika rinda ingawa lilikuwa limeanza kumbana kwapani. Tukamsimamisha kando ya maji. Maji yalikuwa yametulia, mawingu yamelala ndani, na rinda nalo linaonekana humo. Kijana akainua kamera, akaishusha. Akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Nikupige picha?"

Mtoto akanitazama, akatazama kamera. "Sitaki."

"Sema ndiyo, mama," nikamwambia.

"Sitaki, susu."

Wanawake wote walikuwa wanangoja. Nilitaka hiyo picha kuliko chakula. Nilitaka iende kila mahali ile nyingine ilikoenda. Mkono wangu ulikuwa tayari mgongoni mwake, kumsukuma mbele kidogo tu, na angesimama, maana ni mtoto mwenye adabu.

Nikautoa mkono.

"Umesikia," nikamwambia kijana, na sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

Akafunika kamera. Mtoto akapandisha rinda lake mpaka magotini, akaingia majini, mawingu yakavunjika miguuni pake.