Siku Niliyomfukuza Mnunuzi wa Kibanja

Tangu tumzike mume wangu kwenye kibanja chetu, shamba letu la migomba hapa Izimbya, nimekuwa mwoga wa kila kitu. Binti yangu Anitha amepata nafasi mbili za kusomea shahada ya pili, masomo ya Afrika. Ya Ulaya ufadhili haujathibitika; ya Dar lazima tujilipie wenyewe. Nikawa najiuliza, tutauza nini?

Juzi nikimenya ndizi, nilimsikia chumbani akiongea na mwanamume.

"Kaburi la baba limo humohumo, kati ya migomba," alisema.

"Na kibanja kikiuzwa, kaburi linakuwaje?" mwanamume akauliza.

Nikajua ni mnunuzi. Mimi nisiyejua kupaza sauti, niliingia bila hodi, kisu mkononi.

"Kibanja hakiuzwi! Anayekitaka anizike kwanza!"

Anitha aliganda mbele ya kompyuta. Kwenye kioo, wazungu watatu walikuwa wananitazama.

"Mama," akanong'ona, "hawa ni walimu wa chuo cha Ulaya, wanajua Kiswahili. Wananihoji kuhusu utafiti wangu wa makaburi ya Wahaya. Ndio wanaoamua ufadhili."

Nilificha kisu nyuma ya kanga. Mzee mmoja akakohoa.

"Shikamoo, mama. Sisi hatununui."