Mjukuu Aliyepitia Juu ya Ukuta

Nilitoka kijijini kwetu Kebirigo kwa sababu moja: mwanangu Mogaka alikuwa amepata mtoto wa kwanza, na nilitaka nimpe jina la marehemu baba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Lori la ndizi likanibeba na koti langu la kanisani.

Kisii mjini, kabla ya adhuhuri. Jamani, watu! Mtaa wa Mogaka uko nyuma ya maduka ya Wahindi, na kila mlango una kabila lake: huku omena, wale dagaa wa ziwani, wanakaangwa, kule maziwa ya Wakipsigis, katikati cherehani za Wakikuyu. Nilimsemesha Mhindi mmoja Kiswahili changu cha shule nikitaka shali ya mtoto. Akanijibu kwa Ekegusii safi, akanishinda bei kwa lugha ya mama yangu!

Kwenye ploti anakopanga Mogaka, safu ya vyumba vilivyoungana. Chumba kimoja, kitanda mkabala na mlango. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, sembuse kuona kitanda chake. Hiyo ndiyo haya tunayoiita chinsoni. Nikasimama nje, nimeupa mlango mgongo.

"Mlete hapa nimwone," nikasema.

"Baba, kitovu hakijadondoka. Hawezi kutoka kwa hii baridi," Mogaka akajibu kutoka ndani.

"Na mimi lazima nirudi leo, kesho ni zamu yangu ya kuchuma chai!"

Ploti nzima ikaingilia. Fundi cherehani akasema nyumba si ya Mogaka, ni ya landilodi, niingie tu. Nusura nikubali. Lakini kitanda je, nacho ni cha landilodi? Moyo uliniuma. Nilimsikia mtoto akilia hatua chache nyuma yangu, nami siwezi kugeuka.

Ndipo jirani wa mlango wa pili, Mama Akinyi, Mjaluo wa kutoka ziwani, akanishika mkono. "Mzee, hata kwetu iko hivyo. Ingia kwangu."

Chumbani mwake nikaona kuta za mbao za ploti ile hazifiki juu. Mogaka akapanda meza upande wake, Mama Akinyi akapanda kitanda upande huu.

"Shika kichwa! Kichwa, wewe!" akafoka mkaza mwanangu, simwoni.

Mtoto akapita juu ya ukuta, akashuka mikononi mwangu, akanikojolea koti papo hapo. Nikasema, "Onsongo."

Nilidhani nimenong'ona. Kumbe chumba baada ya chumba, wote walikuwa kimya wakisikiliza. "Karibu Onsongo!" wakaitikia kwa lugha zao, watu nisiowaona hata sura. Nililia, sifichi.

Jioni, Kebirigo. Nilikuwa nikiwaonea huruma wanaobanana mjini. Sasa sina uhakika. Mke wangu akaniuliza, "Nyumba ya mwanetu ikoje?"

"Sijui," nikamjibu. "Sijaingia. Lakini ya Mama Akinyi ni nzuri sana."