Kezia Rudd na Maasi ya Wakulima

Maksai wao wa mwisho alichukuliwa Oktoba 1786, viazi vikiwa bado ardhini. Askari wa mahakama alimfunga kamba huku akiinamisha uso.

"Usinichukie, dada. Mimi natumwa tu."

"Hata shetani hutumwa," Kezia akamjibu.

Mumewe, Asahel, alikuwa amepigana miaka mitano dhidi ya mfalme wa Uingereza. Mshahara wake ulikuwa karatasi za ahadi ya malipo, na njaa ilipobisha hodi akamuuzia karatasi hizo tajiri mmoja wa Boston kwa bei ya kutupa. Sasa serikali ile ile aliyoipigania ilidai kodi kwa sarafu za fedha, na katika vilima vya magharibi mwa Massachusetts sarafu hizo hazikuonekana. Asiyelipa alinyang'anywa mifugo, kisha shamba, kisha akatupwa jela.

Januari wakulima waliazimia kuliteka ghala la silaha la Springfield. Asahel akavaa koti lake la vita, akachomeka kijitawi cha msonobari kofiani, alama ya waasi.

"Baba Jerusha, theluji imefika magotini. Usiende."

"Nibaki nisubiri nini? Wameanza na maksai, watamalizia na mimi."

"Wakiwapiga risasi je?"

"Nani, wale mgambo? Nusu yao nimekula nao uji kambini. Hawathubutu."

Akaondoka na jirani yao, Eliphalet Gunn, wakitaniana nani atachoka kwanza.

Wiki mbili hazikuleta habari. Asubuhi moja Kezia alikwenda kukama ng'ombe, akamkuta Asahel amejifukia kwenye nyasi kavu, midomo imepasuka. Alipomvua buti, ngozi ilitoka nayo.

"Walithubutu, Kezia. Mzinga ulimpiga Eliphalet pembeni yangu. Hatukufyatua hata risasi moja. Tukakimbia kama kondoo."

Vidole vitatu vya mguu vilikuwa vimekufa kwa baridi. Daktari angemripoti. Kezia akanoa kisu, akampa mkanda wa ngozi auume, akavikata mwenyewe, kisha akatoka nje kutapika. Siku hiyo hiyo ilimbidi aende kumpa mke wa Eliphalet habari za kifo. Wakakaa tu, wameshikana mikono.

Msamaha wa serikali kwa waasi ulikuwa na masharti. Asahel alipelekwa kwa hakimu kwa mkokoteni wa theluji, akaapa utii, akasalimisha bunduki aliyotoka nayo vitani. Asipige kura miaka mitatu, asifundishe, asiuze pombe.

"Na kutembea, je, ruhusa?" akauliza. Hakuna aliyecheka.

Masika, gavana mpya alichaguliwa na kodi ikapunguzwa. Shamba la akina Rudd lilikuwa limeshapigwa mnada. Wakahamia Vermont, iliyokuwa bado haijajiunga na Marekani, kwenye kibanda cha magogo, binti yao Jerusha akikohoa usiku na mchana.

Kiangazi hicho wakubwa wa nchi, hofu ya wakulima ikiwa bado mioyoni mwao, walikutana Philadelphia wakaandika katiba ya serikali yenye nguvu, yenye jeshi na uwezo wa kutoza kodi. Massachusetts iliikubali kwa tofauti ya kura chache. Mchuuzi aliyepita ndiye aliyewaletea habari.

"Kwa hiyo sisi ndio tumewaundia serikali," Asahel akasema.

"Itatufuata na huku?"

Kezia akapiga magoti, akaendelea kupuliza moto wa kuni mbichi, moshi ukimliza.