Moshi Ambao Arafa Hakuuhesabu

Ni saa moja kasorobo asubuhi, na Arafa Makame anainama kwenye dirisha la gari jeupe kukagua kadi ya dereva. Kuinama kwenyewe siku hizi ni kazi. Mimba ina miezi saba na nusu, na sare ya ulinzi ilishonewa mtu asiye na tumbo.

Nyuma ya gari hilo yamepangana mengine tisa, yote yakiunguruma. Hakuna anayezima injini, maana kuzima injini ni kuzima kiyoyozi, na joto la Julai hapa Doha halina adabu hata chini ya ardhi. Katika zamu inayodumu saa kumi na mbili, Arafa hupitisha magari yapatayo mia nne kwenye maegesho ya chini ya jengo hili la mtaa wa West Bay.

“Mie pua yangu ishazoea,” anasema. “Huyu wa ndani ndiye hajazoea.”

Huyo wa ndani ndiye anayemnyima usingizi. Wiki tatu zilizopita kipimo kilionyesha ana gramu 950, wakati kwa umri wake alitarajiwa kufika kilo moja na gramu mia mbili.

Arafa, mwenye miaka 31, alizaliwa Wete, Pemba, na huu ni mwaka wake wa tano Doha. Anaishi mji jirani wa Al Wakrah na mumewe Shabani, dereva wa wageni wa hoteli. Wamesubiri mtoto miaka sita.

Kliniki alikutana na muuguzi kutoka Kenya, Roselyne, aliyemweleza kwamba tafiti zinahusisha hewa chafu na watoto kuzaliwa wadogo au kabla ya siku zao.

“Siwezi kukuambia ni moshi peke yake, mama,” Roselyne alimwambia. “Lakini ule tunaweza kupunguza, si tupunguze?”

Arafa akamsimulia habari za maegesho, mwanzo hadi mwisho. Muuguzi akauliza: na nyumbani?

“Nikamwambia nyumbani hakuna moshi, nafukiza udi tu. Akaweka kalamu chini.”

Sare ikirudi kazini hunuka moshi wa magari, na Arafa si mtu wa kukubali kunuka. Kila jioni aliweka chetezo chenye kaa la moto na udi chini ya tenga, akaitandaza sare juu, naye akakaa pembeni kuchunga kaa lisiruke.

“Nimekulia ndani ya udi,” anasema. “Sikupata kuuhesabu kuwa nao ni moshi.”

Kwao Wete alifukiza madirisha yakiwa wazi na upepo ukipita. Chumba cha Al Wakrah kina dirisha moja, nalo hufungwa mchana na usiku kwa ajili ya kiyoyozi. Kwa hiyo moshi wa kazini aliuongezea wa nyumbani, kwa mkono wake mwenyewe. Akilisema hilo machozi yanamlengalenga, na hayafuti.

Chetezo kilitolewa siku ile ile ya kliniki, jirani akapewa. Sare sasa inafuliwa kila jioni. Mfuaji ni Shabani, ambaye kwa maelezo ya mkewe hufua kama anayegombana na nguo.

Kazini palikuwa pagumu zaidi. Msimamizi wake, Mwaura, alikataa mara mbili kumhamisha.

“Hawa wateja wanakujua wewe,” alimwambia. “Nikikutoa hapo, simu yangu haitanyamaza.”

Mara ya tatu Arafa alikwenda na barua ya daktari. Mwaura aliisoma, akairudia.

“Si ungesema ni mtoto? Mimi nilidhani ni miguu inakuuma.”

Kuanzia Jumapili Arafa atakaa mapokezi, juu, mbali na injini. Jumanne atapimwa tena.

“Naomba afike kilo moja na nusu,” anasema. “Akiwa mdogo nitamlea hivyo hivyo, lakini nijue nimefanya langu.”

Kuna jambo moja lililokuwa limebaki. Mama yake amemtumia vinguo vya mtoto kwa mkono wa msafiri, pamoja na kopo la udi wa kuvifukizia, kama alivyofukiziwa Arafa mwenyewe. Juzi Arafa alimpigia simu kumwambia kwamba nguo za mjukuu huyu hazitatiwa udi.

Mama akauliza, kwa sauti ya mtu aliyenyang’anywa kitu: “Sasa mwanangu, atanukia nini?”

“Atanukia mtoto, mama.”