Gitaa la marehemu nililolitundika juu ya jiko

Wakuu, habari za jioni. Naomba nikae nanyi kidogo. Ninayoandika yamenipata mwenyewe hapa Ihumwa, na Mungu ananiona nikiandika.

Shirika alilofanyia kazi mume wangu lilipouzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akiwemo. Akarudi nyumbani na gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, kalinunua kwa mzungu aliyekuwa anahama. La zamani. Ukichungulia kwenye tundu unasoma Made in Japan.

Nilinuna wiki nzima.

Lakini likilia kanisani, wakuu, ile sauti ya chini unaisikia mpaka kwenye benchi ulilokalia.

Alipofariki nikasema hakuna wa kuligusa. Waya alikuwa amezikaza mwenyewe Jumamosi, kwa ajili ya kwaya. Jumapili hakuifikia. Nikaona mkono wake umebaki pale.

Sasa huku mchwa hawana huruma. Sisi mbegu ya mtama tunaitundika juu ya jiko, moshi unazuia wadudu. Na gitaa nikalitundika hapo hapo.

Miaka sita. Watoto wameoa, wameolewa, wamehama. Tukabaki mimi na gitaa, hatusemeshani.

Majuzi kwenye masomo ya jioni (nasoma QT, sekondari ya watu wazima, msinicheke) mwenzangu akanielekeza kwa fundi mjini. Nikalishusha. Uso umevimba, una ufa, na kile kibao kinachoshika waya kimebanduka nusu.

Fundi ni mzee, nikampa shikamoo. Akalinusa kwanza.

"Marahaba. Mama, hili gitaa au nyama ya kukausha?"

Nikacheka. Siku nyingi sijacheka mbele ya mtu.

Akasema moto umekausha gundi, na waya bado zinavuta. "Nizilegeze leo, la sivyo uso utang'oka."

Nikakataa. Nikamweleza nani alizikaza.

Akalisogeza kwangu. "Basi zisikilize kwanza, mama."

Nikapitisha kidole. Wakuu, mbovu. Hazipatani hata mbili.

"Tuning ya mzee wako, ule mpangilio wa sauti, ilishaondoka zamani," akasema taratibu. "Uso ukivutwa hivi, inaondoka yenyewe."

Miaka yote hiyo nalinda kitu ambacho hakipo.

Nikageukia dirishani, nikamwambia legeza.

Limerudi. Ufa unaonekana, harufu ya moshi haijatoka. Sauti za juu zimefifia kidogo, ila ya chini ni ile ile. Niliisikia kwenye benchi la fundi.

Nilichojifunza: gitaa la mbao likae mbali na moto, na kama halipigwi, legeza waya. Usimwonee haya marehemu.

Kupiga sijui. Ila nikitoka darasani, nikifungua mlango, nagusa ule waya mnene mara moja, kama napiga hodi. Unaitika.

Wenye magitaa ya Kijapani huku kwenye ukavu, mnayatunzaje? Na wajane wenzangu, nyie mmebaki na nini? Andikeni tu. Jioni huwa nipo.